Kwa nini mji wa Hispania hujifungia saa tisa mchana na kuchangamka saa nne usiku?

Mtu akihamia Andalucía, kusini mwa Hispania, akitokea Dar es Salaam au Mombasa, kitu cha kwanza kumsumbua ni tumbo. Saa moja jioni njaa inamuuma. Anaingia mgahawani, anakuta meza zimepangwa na mhudumu yupo, ila jiko halijawashwa, na anaombwa kwa upole arudi saa mbili na nusu au saa tatu. Kesho yake anatoka saa tisa mchana kutafuta balbu na sabuni, mtaa mzima maduka yameteremsha milango ya chuma. Halafu ikifika saa nne usiku, wakati yeye anajiandaa kulala, uwanja mbele ya kanisa umejaa: watoto wa chekechea wanakimbizana na mpira, bibi zao wameketi kwenye mabenchi, wazazi ndio kwanza wanaagiza chakula.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba Wahispania wanapenda kulala mchana na kukesha usiku. Maelezo hayo yanawaonea watu wanaoingia kazini saa mbili au saa tatu asubuhi kama Wazungu wengine, na ambao wengi wao hawalali mchana siku za kazi. Sababu yenyewe inaanzia kwenye saa ya ukutani. Sisi wa Kiswahili tunaweza kuielewa upesi, kwa kuwa saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza. Kwetu saa kumi na mbili jioni ni jua kuchwa, na saa sita mchana ni jua la utosi. Tofauti ya dakika kadhaa ipo, lakini saa na jua havipishani sana.

Hispania vimepishana mno. Tuchukue Granada, mji ulio chini ya milima ya Sierra Nevada. Katika mtaa wa Albaicín, mkabala na kasri la Alhambra, uko msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2003. Mwislamu kutoka Zanzibar akitazama ratiba yake ya sala mwezi wa Juni atashtuka: adhuhuri huingia saa nane na robo mchana ikiwa imepita kidogo, magharibi huingia karibu saa nne kasorobo usiku, na isha ni baada ya saa tano. Hakuna kosa katika ratiba hiyo, kwani sala hufuata jua. Ni saa ya nchi iliyolitangulia jua kwa zaidi ya saa mbili.

Hesabu yake ni nyepesi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa moja, hivyo kila nchi huchagua mstari wa longitudo wa kupimia saa yake. Hispania inatumia saa ya Ujerumani, ambayo kipimo chake ni nyuzi 15 mashariki, mstari unaopita Görlitz, mji wa Ujerumani unaopakana na Poland. Granada iko nyuzi 3.6 magharibi. Tofauti ni nyuzi 18 na zaidi, yaani saa moja na dakika 14. Majira ya joto saa husogezwa mbele tena kwa saa nzima, kama ilivyo kawaida ya Umoja wa Ulaya. Ukijumlisha, jua hufika kileleni Granada saa nane na robo mchana. Na kumbuka kwamba mstari wa nyuzi sifuri, ule wa Greenwich, unapita Hispania yenyewe: uko mjini Castellón, pwani ya mashariki, na kwenye barabara kuu inayotoka Zaragoza kwenda Barcelona kumejengwa tao juu ya lami kuonyesha mahali unapokatiza. Sehemu kubwa ya nchi iko magharibi ya mstari huo.

Sasa rudi kwenye chakula. Mhispania wa Granada hula mlo mkubwa wa mchana saa nane na nusu. Kwa jua la Juni, hiyo ni kama robo saa tu baada ya jua kufika kileleni. Mfanyakazi wa Kariakoo anayekula wali wake saa saba mchana, jua limeshapinda kwa nusu saa hivi. Kwa hiyo anayechelewa kula, tukihukumu kwa jua, ni mtu wa Dar! Chakula cha usiku hali kadhalika: Mhispania anapokaa mezani saa tatu na nusu usiku mwezi wa Juni, jua ndiyo linazama. Sisi tunakula saa mbili usiku, giza likiwa limeingia zamani. Mimi naona hapa ndipo lawama zote za uchelewaji zinapoanguka.

Je, saa hiyo waliitoa wapi? Tangu tarehe 1 Januari 1901 Hispania ilikuwa inatumia saa ya Greenwich, sawa na Uingereza. Machi 1940, karibu mwaka mmoja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, serikali ya Jenerali Franco ilitoa amri: usiku wa tarehe 16, saa tano ikigonga, ihesabiwe kuwa saa sita. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba inafaa saa ya taifa iende pamoja na za nchi nyingine za Ulaya. Mara nyingi husemwa kwamba Franco alitaka kumfurahisha Hitler. Huenda ilichangia, lakini wiki tatu hivi kabla yake Uingereza, Ufaransa na Ureno nazo zilikuwa zimesogeza saa zao mbele. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waingereza na Wareno walirudi kwenye saa yao. Amri ya Franco nayo iliahidi kwamba tarehe ya kurejesha saa ya kawaida ingetangazwa wakati ukifika. Haikutangazwa mpaka leo.

Matokeo yake unaweza kuyaona kwa macho kwenye mto Guadiana, mpakani na Ureno. Kijiji cha Sanlúcar de Guadiana kiko ukingo wa Hispania, na Alcoutim kiko ukingo wa pili, karibu kiasi kwamba unaona nguo zilizoanikwa ng'ambo. Jua ni lile lile, joto ni lile lile. Ukivuka kwa mashua unarudisha saa yako nyuma kwa saa nzima.

Saa ya ukutani haimalizi maelezo yote, na mwezi wa Desemba ndio ushahidi. Hapo jua la Granada huzama mnamo saa kumi na mbili jioni kama kwetu, na bado watu wanakula saa tatu usiku. Sababu mojawapo ni ufukara. Miaka ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe mshahara mmoja haukutosha kulisha familia, kwa hiyo wanaume wengi walifanya kazi mbili, moja asubuhi na nyingine alasiri hadi usiku, katikati wakienda nyumbani kula. Siku ikakatwa vipande viwili. Kazi ya pili ilikuja kupungua, mkato ukabaki. Hadi leo duka dogo hufungua saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, hufunga, kisha hufungua tena saa kumi na moja jioni hadi saa mbili na nusu usiku. Mwenye duka atakula saa ngapi kama si saa tatu? Hata taarifa ya habari ya televisheni ya taifa imefuata meza ya chakula: moja ni saa tisa mchana, nyingine saa tatu usiku.

Na lipo joto, hasa kusini. Agosti 2021 kijiji cha La Rambla, mkoa wa Córdoba, kilipimwa nyuzi joto 47.6, na huko nyuzi 40 mwezi wa Julai hazimshangazi mtu. Kwa kuwa saa imelitangulia jua, joto hufika kilele saa kumi na moja jioni, muda ambao sisi tumezoea kwamba jua limeshapoa na watu wanatoka kunyoosha miguu. Mgeni anayetoka matembezini wakati huo atarudi na kichwa kinagonga. Wenyeji wanateremsha mapazia ya mbao madirishani tangu asubuhi, nyumba inabaki giza na baridi kidogo, wanatulia humo. Mwaka 2015 meya wa Ador, mji mdogo wa mkoa wa Valencia, alitoa tangazo kwamba majira ya joto, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, watoto wabaki ndani na muziki upunguzwe ili watu wapumzike. Wengi wa wakazi ni watu wa mashamba, wanaoamka alfajiri kuliwahi jua.

Usiku ndipo mji unapolipa deni la mchana. Nenda Algar, kijiji cheupe cha watu 1,400 hivi katika milima ya mkoa wa Cádiz. Jua likishazama, kila nyumba inatoa viti nje. Vinapangwa ukutani, mgongo kwenye chokaa iliyoanza kupoa, uso barabarani. Anayepita lazima asalimie, na akisalimia ataulizwa hali ya mama yake, goti lake, na yule mjukuu aliyekwenda kufanya kazi Barcelona. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa sababu ameshakaa barazani. Mwaka 2021 meya wa Algar alitangaza kwamba wataiomba UNESCO iyatambue mazungumzo hayo ya viti nje kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, akihofia televisheni na simu zitayamaliza. Kwa mgeni mwenye Kihispania cha kuungaunga, kiti kile cha plastiki ni darasa bora, kwani majirani hawana haraka na wanarudia neno mpaka uelewe.

Utamaduni huu una gharama, na Wahispania wenyewe wanaijadili kwa uchungu. Anayekula saa nne na kulala saa saba usiku, huku kazi ikimsubiri saa mbili asubuhi, anakosa usingizi. Huko A Coruña, kaskazini magharibi, mwezi wa Januari jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, watoto wanakwenda shule gizani. Mwaka 2013 kamati ya bunge ilipendekeza nchi irudi saa ya Greenwich. Mwaka 2016 waziri mkuu Mariano Rajoy alitaka siku ya kazi iishe saa kumi na mbili jioni. Mwaka 2024 waziri wa kazi Yolanda Díaz alisema nchi ambayo migahawa yake iko wazi saa saba usiku haiendi sawa, na wenye migahawa wakamjia juu. Wafanyabiashara wa utalii nao hawataki kupoteza ule mwanga mrefu wa jioni. Nadhani wanaotetea usingizi wa watoto wana hoja nzito zaidi.

Kwa anayehamia leo, mambo machache yatamwondolea usumbufu. Shughuli za serikali zifanywe asubuhi: kujiandikisha kuwa mkazi kwenye ofisi ya manispaa, kufuatilia namba ya utambulisho ya wageni, na benki pia, kwa maana nyingi hufunga saa nane mchana na hazirudi. Kula kidogo saa tano asubuhi, kama wao wanavyosimama kaunta na mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, ndipo utaifikia saa nane na nusu bila kizunguzungu. Mchana tafuta mgahawa wenye chakula cha siku: sahani mbili, mkate, kinywaji na tunda kwa bei moja, mlo wa kushiba kwa bei nafuu. Agosti usitegemee fundi, kwani wengi wako likizo. Na ukitaka kuongea na mzee nyumbani, mpigie kabla hujala cha usiku: majira ya joto Afrika Mashariki iko mbele kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili, kwa hiyo wewe ukinyanyuka mezani saa tano usiku, Tanga ni saa sita au saa saba na mzee amelala zamani.