Musawo, naenda mlimani peke yangu, kuna shida gani? Maswali na majibu

Kila ugonjwa wa kuambukiza ukitangazwa hapa Uganda, iwe korona ile ya 2020 ama Ebola, maswali yanayofika kwenye senta yetu ya afya huku mlima Elgon ni yale yale. Watu wa mjini wamechoka kukaa ndani, mmoja anataka kuona maporomoko ya Sipi, mwingine anataka kupanda mpaka Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon, mwingine anataka tu kukimbia kwenye baridi, na wote wananipigia wakisema "lakini musawo, nakuja peke yangu" (musawo ndo daktari kwa Kiganda). Nimeyaandika hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma hii.

Pandemiki ni nini, na mlipuko ni nini?

Mlipuko ni ugonjwa kuwapata watu kuzidi kawaida mahali fulani, kama Ebola ya Mubende na Kassanda 2022. Pandemiki ni ugonjwa uliovuka mipaka ukaenea dunia nzima, kama korona ambayo WHO waliiita hivyo Machi 11, 2020, na siku kumi baadaye mgonjwa wetu wa kwanza akapatikana Entebbe. Inatosha hapo.

Sasa nikiwa peke yangu juu ya mlima nitaambukiza nani? Nyani?

Mlimani kwenyewe hutaambukiza mtu, hilo nakubali kabisa. Lakini hukuota mlimani. Umetoka Kampala, zaidi ya kilomita 200, na kama wengi umekuja na teksi, zile basi ndogo za abiria. Umekaa stendi mpaka ijae, watu 14 kama sheria inafuatwa na sote tunajua haifuatwi, mvua imeanza madirisha yakafungwa, jirani yako anakohoa kwenye bega lako. Mmefika Namawojjolo, pale wanapouza nyama choma barabarani, madirisha yamefunguliwa sasa, vijana wameingiza vichwa na mikono na vijiti vya kuku na gonja, ndizi za kuchoma, unapokea chenji, unakula kwa mkono huo huo. Mbale umebadilisha gari. Ukifika huku kuna boda, umemkumbatia mtu mgongoni dakika ishirini. Kuna mama wa loji, kuna kijana anayekuongoza njia, kuna chemani wa LC, yaani mwenyekiti wa kijiji, anayetaka kujua mgeni ni nani na anakupa mkono. Halafu jioni, mtu amechoka, anaitwa kwenye pombe ya kienyeji, chungu kimoja mirija ya kupokezana, na hapo ndo nashindwa hata niseme nini.

Hesabu hao watu uniambie upeke wako uko wapi.

Na hilo la nyani ulikuwa unatania lakini siyo utani. Sokwe wa msitu wa Bwindi, wale gorila, wanapata magonjwa yetu ya kifua, ndo maana mtalii anavaa maski na kukaa mita 10 kutoka kwao, zamani ilikuwa 7, na ndo maana 2020 safari za kuwaona zilisimamishwa kwa miezi.

Lakini si nyinyi wenyewe mlisema nje ni salama kuliko ndani?

Tulisema na bado tunasema. Korona inasambaa hasa kwa hewa anayoitoa mgonjwa, na ndani ya chumba hewa hiyo inabaki inaelea, nje upepo unaichukua. Kutembea nje ni kuzuri, kunasaidia presha, sukari, usingizi na hata akili isichoke. Sikatazi mtu kutembea. Nje iko pia hapo kwako! Mtaa wenu una njia ya shamba, una kilima, una uwanja wa shule ambao saa kumi na mbili asubuhi hauna mtu.

Aprili 2020 Rais alipokataza watu kukimbia barabarani alitoa video anakimbia ndani ya ofisi na kupiga push-up 30, watu wakacheka, mpaka leo wanacheka, lakini ujumbe ulieleweka. Na Joshua Cheptegei alikaa huku huku nyumbani Kapchorwa kipindi cha lokdauni akifanya mazoezi, Agosti mwaka huo huo akaenda Monaco akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12:35.36. Utaniambia yeye Kapchorwa ndo kwao. Sawa, na wewe kwenu ni Ntinda, hapo Kampala, kimbilia Ntinda.

Nina kahoma kidogo na kikohozi, nimechoka mwili. Si hewa safi ya mlima itanisaidia kupona?

Hapana.

Narudia kwa sababu hili ndo limeniudhi kuliko yote: hapana, hapana, hapana. Hewa safi ni nzuri kwa mtu mzima wa afya. Siyo dawa ya homa, siyo dawa ya kifua. Ukiwa na homa, ukiwa unakohoa, ukiwa unaharisha ama kutapika kipindi ambacho kuna ugonjwa umetangazwa, husafiri. Hata kama ulishalipia loji. Hata kama leave yako inaisha wiki ijayo. Hata kama unakwenda peke yako.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni hao watu wa kwenye teksi na boda niliowataja juu, wewe sasa ndo jirani anayekohoa kwenye bega la mtu. Ya pili ni wewe mwenyewe. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, kule Wagagai ni mita 4,321 na kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 40 ukilinganisha na ufukweni baharini. Mapafu yenye afya yanapambana, yanazoea polepole. Mapafu yaliyokwisha kuvimba kwa ugonjwa yatapambana na nini?

Wimbi la pili la korona, katikati ya 2021, tulipata kijana mmoja ametoka mjini "kusafisha kifua". Wiki nzima alikuwa anakohoa, anafukiza mikaratusi, anakunywa tangawizi na ndimu, akaona bora aje apumue hewa ya mlima. Alikaa kwenye benchi letu viatu vina matope bado, anaongea vizuri, anatania wauguzi. Tukamvalisha kidoleni kile kimashine cha kupima oksijeni, ikasoma 78. Muuguzi akasema betri imekwisha, akabadilisha betri, akabadilisha kidole, 78. Huku kwetu mtu mzima wa afya anasoma 94 na kuendelea, akishuka chini ya 90 tunaanza kutafuta gari la rufaa. Nikamtazama kucha, zilikuwa rangi ya zambarau iliyopauka, na yeye anauliza kama anaweza kwenda kunywa chai kwanza. Korona ina hiyo tabia mbaya, oksijeni inashuka mtu hasikii, anaongea anacheka, halafu ghafla anaanguka. Tulimpeleka Mbale, na njia yetu mnaijua.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini ile wiki ya mikaratusi ilikuwa wiki ya kuwa hospitali ya karibu na kwake, mjini, ambako oksijeni ilikuwa dakika chache kutoka mlangoni. Alichofanya ni kuchukua mapafu mabovu na kuyaleta mbali na oksijeni, tena juu ya mlima. Mnielewe basi.

Lakini musawo, mimi najua mwili wangu, hii ni malaria tu.

Umepima?

Hapana, hujapima. Umenunua Coartem, dawa ya malaria, duka la dawa, umemeza dozi ya kwanza, umefunga begi. Malaria, korona, Ebola, taifodi, zote siku za mwanzo zinafanana, homa, kichwa, viungo kuuma, mwili mzito. Hakuna anayejua mwili wake kiasi cha kutofautisha hizo kwa kujishika paji la uso, hata mimi siwezi, ndo maana tuna kipimo cha malaria kinachotoa jibu kwa dakika kama 20 na kwenye vituo vya serikali ni bure. Na ukipimwa malaria ikaonekana bado usikimbilie kusema ndo hiyo tu, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ukimeza dawa siku mbili homa haijashuka, usiongeze dozi, usiendelee na safari, rudi kituoni.

Mlipuko wa Ebola wa Januari 2025, mgonjwa wa kwanza alizunguka sehemu kadhaa kutafuta nafuu, Kampala mpaka Mbale, kabla haijajulikana ni Ebola. Simlaumu, kila mgonjwa anatafuta kupona. Nawaonyesha tu kwamba ugonjwa una nauli kama mtu yeyote, unapanda gari unafika.

Na kama sijisikii mgonjwa hata kidogo?

Inategemea ugonjwa. Korona mtu anaweza kuambukiza wengine siku kama mbili kabla hajahisi chochote, na wengine hawahisi chochote mpaka inaisha. Kwa hiyo "niko fiti" kwa korona haina maana kubwa. Ebola ni tofauti, mtu haambukizi kabla dalili hazijaanza, lakini dalili zinaweza kuchelewa mpaka siku 21. Sasa kama uligusana na mgonjwa, ulimuuguza, uliosha maiti ama ulikaa kwenye mazishi ambako maiti iliguswa, na watu wa afya wamekuandika kama mtu wa kufuatiliwa, hizo siku 21 hutoki. Wapo wanaosema "badala ya kukaa nyumbani niwaambukize watoto, bora nikajitenge porini". Inasikika kama huruma, najua, lakini dalili zikianza siku ya tisa uko porini, simu haina netiweki, VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji aliyekuwa anakuja kukupima joto kila siku hakupati, nani atajua? Kujitenga ni kukaa mahali tunapokujua, simu ikiwa imewaka. Kukimbilia mahali ambapo hakuna anayekujua hakuitwi kujitenga.

Nina gari langu, natoka na chakula changu, nalala kwenye hema langu. Bado tu?

Wewe angalau umefikiria. Kama serikali haijafunga njia, huna homa, hujagusana na mgonjwa, huna kikohozi, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, sitakuzuia. Jaza mafuta kwenu, usisimame simame, maski iwe mfukoni kwa ajili ya mahali utakapolazimika kuongea na watu, mwambie mtu mmoja unapita njia gani na unarudi saa ngapi.

Ila fikiria na mguu. Njia za huku zikinyesha zinateleza vibaya sana, na mtu wa mjini anakuja na raba za mazoezi. Ukivunjika mguu ukiwa peke yako, hushuki peke yako. Wanaitwa vijana wa kijiji kumi ama zaidi, wanatengeneza machela ya miti na blanketi, wanakubeba wakipokezana, jasho, pumzi, kelele, wote wamekuinamia. Halafu unafika kwetu, tuko wachache na wodi imejaa, na lile gari moja la wagonjwa limekwenda na mama mwenye uzazi mgumu. Wakati wa lokdauni 2020 ilikuwa mbaya zaidi, gari binafsi hata likiwa na mgonjwa lilitakiwa kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, mtu anavuja damu huku ndugu yake anapiga simu ofisini. Kwa hiyo mteremko mkali na mambo ya kamba yasubiri mwaka mwingine, maporomoko hayahami.

Mapango je? Kule hakuna watu kabisa.

Kuna popo. Virusi vya Marburg vinakaa kwa popo wala matunda wanaolala mapangoni, 2008 mtalii mmoja kutoka Uholanzi alikufa baada ya kuingia pango la msitu wa Maramagambo, na 2017 jirani zetu hapa wilaya ya Kween walipoteza watu kwa Marburg. Pango lenye popo usiingie, kuwe na pandemiki ama kusiwe.

Nimeshapanda, na homa imeanza nikiwa huku juu. Nimalizie tu kilele halafu nishuke?

Hapana. Hapo umeishia.

Shuka siku hiyo hiyo wakati mwanga upo, polepole, usijikaze, kunywa maji. Kama giza limeshaingia usishuke mwenyewe gizani, kaa kwenye joto, piga simu, alfajiri anza safari. Anayekuongoza mwambie ukweli kwamba una homa, usimfiche eti ataogopa, mwache aogope, ndo atakaa mbali nawe kidogo na atatafuta msaada. Vaa maski, usichangie kikombe wala chupa, matapishi yako asiguse mtu. Ukipata netiweki piga 0800 100 066, ni namba ya bure ya Wizara ya Afya, waambie uko wapi, umetoka wapi, ulikutana na nani, ili wakuelekeze kituo kipi uende na kituo kijiandae. Usipande boda ukaja kushukia katikati ya foleni yetu ya kina mama na watoto bila kusema. Simama nje ya geti, paza sauti ama piga simu, tutakuja na glavu zetu.

Pumzi ikiwa fupi hata umekaa, midomo ikibadilika rangi, ukianza kuchanganyikiwa ama kutapika damu, hiyo haisubiri asubuhi, waite watu usiku huo huo. Na Coartem iliyoko kwenye begi iache humo humo mpaka tukupime.