Je, wajua kwa nini "ba be bi bo bu" haijafa mpaka leo?

Kwa muda mrefu nilijua ile ba be bi bo bu wanayoimba watoto huku kwetu Tanga wakijifunza kusoma kwa silabi ni ukasuku tu, na njia ya kisasa ni kumwonesha mtoto neno zima na picha yake mpaka alishike. Nilikosea, tena hata hiyo "kisasa" yenyewe ni ya zamani sana, mwanaelimu Horace Mann kule Marekani aliipigania tangu miaka ya 1840. 1955 mwandishi Rudolf Flesch akaandika kwa hasira kwamba watoto wananyimwa sauti za herufi, 1967 mtafiti wa usomaji Jeanne Chall akapitia tafiti akakuta wanaoanza na sauti wanatangulia, na bado watu wakaendelea kuvutana.

Mi kilichonipoteza ni hiki: mtu mzima analitambua neno papo hapo, basi nikadhani mtoto naye aanzie hapohapo. Kumbe ule wepesi unakuja baadaye, neno ukishalisoma herufi kwa herufi mara kadhaa ndo linakaa kichwani zima zima.

Chukua samaki wa pale Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga. Changu, tasi, kibua, sura zao utazikariri, hata kumi ukitaka. Sasa kariri anasoma, hawajasoma, tutawasomea, wamesomeshwa, na hapo ni kitenzi kimoja tu! Ila mama anayejua kusuka ukili, miyaa ileile (majani ya mkindu) anatoa mkeka, anatoa msala, anatoa kapu ambalo hajawahi kuliona popote. Silabi ndo miyaa yenyewe, mtoto anaenda ha-wa-ja-so-ma na anafika bila kushikwa mkono.

Afu ugomvi wote ule umekolezwa na Kiingereza, maandishi mbali matamshi mbali. Utafiti wa 2003 wa lugha za Ulaya ulikuta baada ya mwaka wa kwanza shuleni, watoto wa Scotland wanasoma sawasawa kama maneno 34 kwa 100, wa Finland 98. Kifini kinaandikwa kinavyotamkwa, kama chetu. Japo wa Scotland wanaanza shule na miaka 5 na wa Finland 7, kwa hiyo umri nao unaweza kuwa na mkono wake pale.

Ila kutamka sio kuelewa. Chuoni, yaani madrasa, mtoto anaanza na be fatha ba, anafika kuusoma msahafu vizuri kabisa na Kiarabu hakijui. Ndo yaleyale kwa mtoto wa Lushoto aliyekulia Kisambaa, "hawajasoma" ataitamka bila kukwama, muulize sasa ni kina nani hao hawajasoma, anakutazama tu.