Je, wajua jinsi utawala wa Mfalme Hezekia unavyochunguzwa kwa Maandiko na kwa sururu?

Hezekia, aliyetawala Yuda mwishoni mwa karne ya 8 KK, ni miongoni mwa wafalme wachache wa Biblia ambao habari zao ziliandikwa pia na adui. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18, kinasimulia kwamba Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliitwaa miji ya Yuda yenye maboma, naye Hezekia akamlipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Senakeribu aliiandikisha vita hiyo ya mwaka 701 KK kwenye vipande vya udongo uliochomwa vyenye pande sita, akijisifu kwamba aliteka miji 46, akamfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni, kisha akapokea talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha.

Dhahabu inalingana, fedha hailingani. Lakini linalowavutia zaidi wataalamu ni jambo ambalo Senakeribu halisemi: hadai popote kwamba aliingia Yerusalemu. Mfalme huyo alipamba kuta za jumba lake la Ninawi kwa picha za kutekwa kwa Lakishi, mji mdogo kuliko Yerusalemu. Angeuteka mji mkuu, asingenyamaza. Biblia inasema malaika wa Bwana aliwaua Waashuri 185,000 usiku mmoja. Hilo akiolojia haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha, ila kwamba mji haukuanguka, pande zote mbili zinakubaliana.

Maandiko yanaongeza kwamba Hezekia alitengeneza birika na mfereji, akayaleta maji ndani ya mji. Chini ya Yerusalemu lipo handaki la takriban mita 533, lililochongwa katika mwamba kutoka chemchemi ya Gihoni hadi birika la Siloamu, na hadi leo maji hupita humo. Mwaka 1880 yaligunduliwa ukutani mwake maandishi ya Kiebrania cha kale, ambayo sasa yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Istanbul. Yanaeleza jinsi makundi mawili ya wachimbaji yalivyochimba yakielekeana, na jinsi, zilipobaki dhiraa tatu tu, mtu alivyosikika akimwita mwenzake ng'ambo ya mwamba, kisha sururu ikakutana na sururu na maji yakatiririka.

Ajabu ni kwamba maandishi hayo hayamtaji mfalme yeyote. Kwa muda mrefu handaki lilihesabiwa kuwa la Hezekia hasa kwa nguvu ya Biblia, mpaka mwaka 2003 ulipochapishwa utafiti uliopima, pamoja na mambo mengine, mabaki ya mimea yaliyonaswa ndani ya lipu yake, ukapata umri wa karibu mwaka 700 KK.

Jina lenyewe lilikuja kuonekana kwenye kipande cha udongo chenye upana wa sentimita 1 hivi, kilichofukuliwa Yerusalemu mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2015, chenye mhuri wa Hezekia, mwana wa Ahazi, mfalme wa Yuda. Nyuma yake zimebaki alama za uzi uliofunga waraka.

Ugumu uliosalia umo ndani ya sura ile ile ya 18. Inaweka kuanguka kwa Samaria, mji mkuu wa ufalme jirani wa Israeli, karibu mwaka 722 KK, katika mwaka wa 6 wa Hezekia, na uvamizi wa Senakeribu katika mwaka wake wa 14. Hesabu ya kwanza humtawaza karibu mwaka 727 KK, ya pili karibu mwaka 715 KK, na kila moja ina watetezi wake.