Jua la Saa Saba na Ngozi Yako

Pandisha mkono wa shati hadi begani, ulinganishe ngozi ya karibu na kwapa na ile ya mgongo wa kiganja. Zote zimezaliwa siku moja. Ya kwapani ni laini na rangi yake ni moja. Ya kiganjani ina madoa, na ukiifinya inachelewa kurudi. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya jua. Katika kliniki yetu ya ngozi hapa Mwanza huwa naanzia hapo, maana mtu akishajionea mwenyewe habishi.

Mionzi ya urujuanimno inayotufikia ni ya aina mbili. Aina ya B huishia juu juu, nayo ndiyo inayobabua. Aina ya A haiumi, na ubaya wake uko hapohapo: huzama hadi tabaka la ndani na kuchochea vimeng'enya vinavyokata kolajeni, nyuzi zinazoikaza ngozi. Elastini, inayoifanya ngozi irudi ikivutwa, nayo huharibika na kurundikana ovyo. Aina hii hupenya wingu, hupenya hata kioo cha dirisha. Dereva wa daladala wa miaka mingi mtazame shavu la kulia.

"Lakini daktari, sisi si weusi?" Ni kweli, melanini, ile rangi nyeusi ya asili ya ngozi, ni kinga, na makunyanzi kwetu huchelewa kuliko kwa Wazungu. Kinachotutangulia ni madoa na uso wenye rangi mbili. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo. Kwao hatari kubwa si makunyanzi, ni saratani ya ngozi.

Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hutupitia utosini kabisa. Tena, kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi na saa ni moja Tanzania nzima, hapa jua hufika kileleni karibu saa saba, si saa sita. Mama anayegeuza dagaa kwenye mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, wa Igombe saa saba, akidhani kali limeshapita, ndiyo kwanza yumo katikati yake. Upepo wa ziwa nao hudanganya: unapoza ngozi, mionzi haupunguzi hata chembe.

Ningekuwa na uwezo, kila mwalo ungekuwa na turubai la kupumzikia. Kwa sasa, kazi inayoweza kusogezwa ifanyike kabla ya saa nne au baada ya saa kumi. Kofia yenye ukingo mpana, si kapelo, maana kapelo huacha masikio na shingo. Mikono mirefu. Losheni ya kuzuia jua ya namba 30 (SPF 30) huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya B, lakini kwa anayeipaka ya kutosha na kurudia kila baada ya saa mbili. Wengi wetu tunapaka kama manukato.

Mikorogo, yaani krimu za kujichubua, siipatii neno la upole. Zebaki na haidrokwinoni zilizomo huivua ngozi melanini yake, steroidi huikondesha, kisha mtu huyohuyo anatoka kwenda juani.

Na kidonda cha usoni au mdomoni kisichofunga kwa mwezi mzima usikipake chochote. Njoo nacho kliniki kikaguliwe.