Mombasa iko kanda gani?

Chai haioti Mombasa. Joto letu haliitaki. Hata hivyo, mkulima wa Kericho, wa Bushenyi kule Uganda au wa milima ya Rwanda hujua thamani ya majani yake baada ya kuuzwa hapa. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa 1969, na leo huuza chai ya Kenya pamoja na ya majirani kama Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na hata Malawi.

Malori huishusha kwenye magodauni ya mitaa yetu ya Shimanzi na Changamwe, kisha sampuli hupelekwa kwa madalali na wanunuzi. Chumba cha kuonjea ni kitu cha kuona: vikombe vyeupe vimepangwa mstari mrefu, mwonjaji achota kijiko, aivuta chai kwa mlio ambao nyumbani ungemletea makaripio, aizungusha mdomoni, aitema na kusogea kikombe cha pili. Hachukui muda kujua ipi itawafaa wanywaji wa Pakistan, ambao ndio wateja wetu wakubwa, na ipi ya kwenda Misri au Uingereza. Zamani bei ilipigiwa kelele ukumbini. Tangu janga la korona mwaka 2020, kelele zimehamia kwenye kompyuta. London nayo, iliyokuwa ikiuza chai ya dunia kwa zaidi ya karne tatu, ilifunga mnada wake 1998.

Nimeanza na chai kwa sababu inaonyesha vizuri jambo ambalo ramani ya ukutani huficha. Sisi watu wa jiografia hutenganisha kanda za aina mbili. Ipo kanda ya kufanana: mvua ile ile, mazao yale yale, lugha ile ile, kama mwambao kutoka Lamu hadi Kilwa. Na ipo kanda ya kuunganishwa, ambayo sehemu zake huenda hazifanani hata kidogo, ila zinategemeana kwa barabara, bei na karatasi za forodha. Wengi hudhani utandawazi unafuta kanda na kuifanya dunia kuwa uwanja mmoja. Nionavyo mimi, unazipanga upya, na hasa unaikuza hii aina ya pili.

Tazama pesa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini itifaki ya sarafu moja Novemba 2013, zikilenga 2024. Mwaka huo umepita na kila mtu bado ana noti zake. Lakini mnadani Mombasa chai ya nchi zote hizo huuzwa kwa sarafu moja tangu zamani: dola ya Marekani. Wafanyabiashara wameipata sarafu ya kanda kabla ya serikali, ila si ya kwao. Dola ikipanda au ikishuka kwa sababu za Washington, mchumaji wa Kericho huusikia mtikisiko huo kwenye malipo yake.

Kushikana huku kuna gharama, na barabara ndiyo inayoionyesha. Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia kuu ya mizigo, hutoka bandari yetu ya Kilindini kupitia Nairobi na Malaba hadi Kampala, kisha Kigali, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka Kenya mwishoni mwa 2007, reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na Uganda na Rwanda zikaishiwa mafuta ya petroli. Kura za Kenya, foleni za Kampala. Kigali, ambayo kwa umbali iko karibu zaidi na Dar es Salaam, ilipata sababu nyingine ya kupendelea njia ya kusini.

Kanda pia huvunjwa kwa kalamu. Reli mpya ya SGR, ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba abiria 2017, na muda mfupi baadaye waagizaji wakaamriwa kupitisha kontena kwa treni hadi Nairobi. Hapa mjini magodauni yalibaki matupu, madereva wakakaa bila kazi, na watu wakaandamana. Huko njiani Mariakani, Maungu na Mtito Andei, vibanda vya chakula, gesti na mafundi wa magurudumu vilikuwa vikiishi kwa lori linalosimama usiku. Treni haisimami kula ugali. Amri ilifutwa Septemba 2022, siku ile ile rais mpya alipoapishwa, na malori yakarudi, ingawa mteja aliyeshazoea njia nyingine harudi kwa tangazo.

Nyaya za intaneti zilizotua ufukweni mwetu 2009 ziliunganisha kanda kimya kimya: Uganda na Rwanda zikapata njia ya baharini kupitia Mombasa, zikapunguza kutegemea setilaiti ya bei ghali.

Sasa macho yameelekezwa Lamu. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, nalo lina kina cha kupokea meli kubwa. Mpango ni kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini. Barabara za kufika huko bado hazijakamilika, kwa hiyo kazi nyingi za bandari hiyo mpaka sasa zimekuwa za kuhamisha mizigo kutoka meli moja hadi nyingine. Inahusiana zaidi na bandari nyingine za Bahari Hindi kuliko na Moyale, mji wa mpakani na Ethiopia.