Lala Chali Kwanza, Ndipo Uchore: Ubongo Unavyolisoma Jengo

Wasanifu majengo wanapoleta michoro ya wodi mpya kwenye kitengo chetu, kabla karatasi hazijatandazwa mezani huwa ninawaomba walale. Hawapendi. Lakini tunaleta kitanda cha magurudumu, mmoja anapanda na kulala chali, mwenzake anamsukuma kutoka mapokezi hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Safari haizidi dakika tatu. Aliyelala anaona taa za dari zikimpita usoni moja baada ya nyingine, kila moja ikimchoma macho. Anaona matundu ya hewa yaliyojaa vumbi, doa la maji kwenye kona, na kidevu cha anayemsukuma. Vibao vya kuelekeza njia alivyovipanga kwa makini ukutani haoni hata kimoja. Akishuka, somo langu huwa fupi.

Mimi ni mtu wa sayansi ya ubongo, sijui kuchora nyumba. Ninachoweza kumpa msanifu ni taarifa kuhusu mteja mmoja ambaye hajawahi kumwona kwenye kikao: kiungo chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, kilichofungiwa gizani ndani ya fuvu, kinacholijua jengo kupitia macho, masikio, pua na ngozi tu. Kiungo hicho huanza kulipima jengo kabla mwenye nacho hajasema neno. Na kinakaa ndani muda mrefu kuliko tunavyodhani. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta watu wanatumia takribani asilimia 87 ya muda wao ndani ya majengo, ukiacha ule wa kwenye magari.

Hili la kulala si ugunduzi wetu. Alvar Aalto, msanifu wa Ufini, alipobuni hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Paimio, iliyokamilika mwaka 1933, alikipanga chumba kwa ajili ya mtu aliyelala. Dari ilipakwa rangi tulivu badala ya nyeupe inayometa. Taa iliwekwa mahali ambapo mgonjwa haangaliani nayo. Hata beseni la kunawia lilipewa mwinamo ili maji yateremke bila kishindo, mgonjwa wa kitanda cha pili asiamshwe na mwenzake anayenawa. Aalto hakuwa na mashine ya kupiga picha za ubongo. Alijiuliza tu ni nani atakayekaa humo, na amekaaje.

Ushahidi wa vipimo ulichelewa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi mfupi uliofanywa kwenye hospitali moja ya Pennsylvania. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo kati ya 1972 na 1981, akawapanga wawili wawili wanaofanana kwa umri, jinsia na mengineyo. Katika kila jozi, mmoja alikuwa amelazwa chumba chenye dirisha linalotazama miti, na mwingine dirisha lake lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo, wastani wa siku 7.96 dhidi ya 8.70, walitumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi, na wauguzi waliandika malalamiko machache kuwahusu. Ni uchunguzi mdogo, na sipendi unavyotajwa kana kwamba mti ni dawa. Lakini uliwalazimisha watu wa hospitali kukubali kwamba dirisha nalo lina hesabu yake kwenye faili la mgonjwa.

Tukija kwenye sababu, hakuna eneo tunalolifahamu vizuri kama mwanga.

Kwa zaidi ya karne moja tulifundishwa kwamba jicho lina aina mbili za seli zinazopokea mwanga: zile za kuonea gizani, na zile za kuonea rangi mchana. Kulikuwa na jambo lisiloeleweka. Baadhi ya watu wasioona kabisa walikuwa wakiwekwa kwenye mwanga mkali, homoni yao ya usingizi, melatonini, inashuka kama ya watu wanaoona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 fumbo lilifumbuka: ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho, kuna kundi dogo la seli zenye kemikali iitwayo melanopsini, zinazoitikia mwanga zenyewe, hasa ule wa bluu wenye mawimbi ya karibu nanomita 480. Seli hizi kazi yake kubwa si kukuonyesha kitu. Zinapeleka habari moja kwa kishada cha seli zipatazo 20,000 kilicho juu ya makutano ya neva za macho, ambacho ndicho saa kuu ya mwili: sasa ni mchana, au sasa ni usiku.

Saa hiyo ikishapata habari, inapanga usingizi, joto la mwili, njaa, hata saa za kupanda na kushuka kwa kotisoli, homoni ya kuuchangamsha mwili. Sasa mpe habari zilizochakachuliwa. Ofisi ya kawaida yenye taa zinazowaka inakuwa na luksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500 juu ya meza. Nje, siku ya mawingu tu, unapata maelfu ya luksi, na jua likiwaka unakaribia 100,000. Macho yetu ni hodari wa kujirekebisha, kwa hiyo mtu anaapa kwamba ofisi yake ina mwanga wa kutosha. Saa ya ubongo haidanganyiki hivyo. Kwake yeye, aliyeshinda humo ameshinda katika giza la magharibi. Kisha jioni anarudi nyumbani, anawasha taa nyeupe za dari na kushika simu hadi usiku wa manane, na ubongo unaambiwa kumekucha.

Mwaka 2022 wataalamu wa fani hii kutoka nchi mbalimbali walikubaliana viwango, kwa kutumia kipimo cha luksi kilichorekebishwa kufuata seli za melanopsini: mchana isipungue 250, katika saa tatu za mwisho kabla ya kulala isizidi 10, na wakati wa kulala isizidi 1. Kwa msanifu, jambo la kuzingatia ni mahali pa kupimia. Hupimwa kwenye jicho, kimo cha mtu aliyeketi, siyo juu ya meza. Taa inayomwaga mwanga wote chini kwenye karatasi inaweza kufuzu kanuni za zamani na bado ikaliacha jicho gizani. Ukuta mweupe ulio mbele ya dirisha, unaorudisha mwanga usoni, unaweza kufanya kazi kubwa kuliko safu nzima ya balbu.

Sauti ni habari nyingine. Macho yana vigubiko, masikio hayana. Hata usingizini ubongo unaendelea kuchunga mlango, na mlio wa ghafla huamsha amigdala, sehemu inayohusika na hofu, na mapigo ya moyo hupanda hata kama aliyelala hakuamka wala hatakumbuka kitu asubuhi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele ndani ya wodi usiku zisizidi desibeli 30, na katika darasa wakati wa masomo zisizidi 35. Ukikaa kwenye wodi usiku mmoja tu, ukasikia magurudumu ya vitoroli, ving'ora vya mashine na wauguzi wakipokezana zamu, utajua umbali uliopo kati ya pendekezo na hali halisi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa shule moja ya Manhattan, New York, iliyojengwa kando ya reli ya juu. Katikati ya miaka ya 1970, mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake walilinganisha watoto wa madarasa yaliyoelekea reli na wale wa upande wa pili wa jengo lile lile. Walimu walikuwa wa shule ile ile na mtaala mmoja, ila upande mmoja treni ikipita mwalimu alinyamaza kusubiri. Watoto wa darasa la sita wa upande wa kelele walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima katika kusoma. Baadaye reli ikawekewa mipira ya kupunguza mtikisiko na dari za madarasa zikafunikwa kwa vigae vinavyomeza sauti. Alipopima tena, tofauti ilikuwa imetoweka.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba watu wazima ndio wanaokagua madarasa, na masikio ya mtu mzima ni shahidi mbaya hapa. Mtu mzima akikosa silabi moja katika kelele, ubongo wake unaijaza kutokana na lugha aliyokwisha kuimudu. Mtoto hana akiba hiyo. Chumba chenye sakafu ya vigae, kuta tupu na dari ya zege kinarudisha mwangwi unaofunika silabi inayofuata, na yule mdogo wa nyuma anabaki na vipande vya maneno. Mwangwi darasani unapaswa kufifia ndani ya takribani sekunde 0.6. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu usikilize; huhitaji kifaa kujua chumba kibaya.

Nigusie njia. Mwaka 1971 mtafiti John O'Keefe alieleza kuhusu seli ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya panya ambazo kila moja iliwaka panya alipofika mahali fulani tu pa chumba. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser, pamoja na wenzao, wakapata seli jirani zinazochora kitu kama mistari ya ramani juu ya sakafu, na mwaka 2014 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo ramani ya jengo unaibeba kichwani kwa maana halisi. Ramani hiyo inahitaji vishikizo: dirisha linaloonyesha nje, ngazi inayoonekana tangu mlangoni, kona isiyofanana na kona nyingine. Korido ndefu yenye milango ishirini ya rangi moja haina cha kushika, na kibao chenye mshale ni kama plasta juu ya jeraha la msanifu.

Kwa mtu mwenye maradhi ya Alzheimer, yanayofuta kumbukumbu, mambo haya ni mazito zaidi, kwa sababu ugonjwa huanza kula maeneo hayo hayo ya ramani. Kupotea mahali panapofahamika ni miongoni mwa dalili za awali. Katika nyumba za kuwatunzia wazee, mlango wa choo unaoonekana kutoka kitandani unasaidia kuliko maelekezo kumi ya mdomo. Zulia jeusi katikati ya sakafu nyeupe huonekana kama shimo, na mzee atalizunguka au atasimama hapo akiogopa. Familia hudhani ni ukaidi.

Hewa nitaipita haraka, maana dawa yake inajulikana: chumba cha mkutano kilichofungwa madirisha, watu kumi, saa mbili, na hewa ukaa inapanda mara mbili au tatu ya ile ya nje. Usingizi unaowashika wote si lazima uwe umeletwa na mzungumzaji.

Sasa tahadhari. Neno "ubongo" linauza, na siku hizi kuna wanaoliuza pamoja na rangi na samani. Mwaka 1979 jela moja ya jeshi la majini la Marekani huko Seattle ilipaka chumba rangi ya waridi baada ya kuambiwa inatuliza wafungwa. Sifa zikaenea magerezani kwingi, lakini majaribio yaliyodhibitiwa vizuri baadaye hayakuona utulivu huo. Vivyo hivyo kuta za mviringo. Mwaka 2013 mtafiti Oshin Vartanian na wenzake waliwaonyesha watu picha za vyumba wakiwa ndani ya mashine ya kupimia ubongo. Vyumba vyenye kuta za mviringo viliitwa vizuri zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ikachangamka. Walipoulizwa kama wangeingia au wangetoka, umbo la ukuta halikubadili jibu. Tena walikuwa wamelala wakitazama picha; hakuna aliyetembea chumbani, aliyesikia mwangwi wake wala kunusa rangi mbichi. Mwenye bajeti finyu akiniuliza anunue nini kati ya ukuta wa mviringo na dari ya kumeza sauti, simwachi amalize swali.

Kwa asiyejenga hospitali wala shule, mengi hayahitaji fundi. Geuza meza ili uso uelekee upande wa dirisha, siyo mgongo. Jioni zima taa ya dari, utumie taa ya chini yenye mwanga wa manjano. Mahali panapotoa mwangwi tundika pazia zito, weka zulia au kabati la vitabu. Anayelala mchana kwa sababu ya zamu za usiku, azibe dirisha la chumba chake hadi asione kiganja chake.

Wasanifu wetu wa mwisho walikuwa watatu. Aliyelala, kijana mwenye shahada mbili, alisukumwa hadi mwisho wa korido akanyamaza, kisha akaomba arudishwe mwanzo asukumwe tena, polepole. Michoro iliporudi, safu ya taa ilikuwa imehama kutoka katikati ya dari na kwenda kando, zikimulika kuta. Idadi ya taa ilikuwa ile ile.