Upepo wa bahari hauleti nimonia: dhana potofu kuhusu mtoto mdogo na matembezi ya Mombasa

Mtazame mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayepelekwa bustani ya ufukweni ya Mama Ngina jioni. Kofia ya sufi, soksi, sweta, na blanketi juu yake. Mamake kavaa dera jepesi na bado anajipepea. Kinachoogopwa hapo ni upepo. Ndoo ya maji iliyoachwa wazi nyumbani haiogopwi na mtu.

"Upepo wa bahari utampa nimonia."

Nimonia huletwa na virusi na bakteria, vinavyosafiri kwa kikohozi, makamasi na mikono michafu. Upepo haumo. Kinachomkinga mtoto ni chanjo ya nimokoka, ambayo Kenya imekuwa ikiwapa watoto wachanga tangu 2011, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kinachomdhuru mapafu ni moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mtoto akikohoa, usihukumu kwa kelele za kifua. Hesabu pumzi zake ametulia, sekunde 60 kamili. Aliyetimiza mwaka akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au nyama za chini ya mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sweta, kwa joto letu, huleta harara. Mguse nyuma ya shingo: pakiwa na jasho, vua nguo moja. Mikono baridi si dalili ya kitu, watoto wengi ndivyo walivyo. Harara ikishatoka, muogeshe kwa maji baridi ya bomba, mkaushe kwa kumgusagusa bila kumsugua, mvishe pamba pana. Mafuta mazito huziba vitundu vya jasho na kuizidisha. Poda nayo hupeperuka na kuingia puani, bora ikae kabatini. Na bahari haitibu harara. Chumvi huiwasha zaidi.

"Funika kigari kwa leso, mtoto apate kivuli."

Leso iliyofunika kigari chote hugeuza kigari kuwa tanuri. Hewa haitoki, joto la pumzi na la jua hubaki humo, na wewe humwoni mtoto anavyobadilika rangi. Tumia mwavuli, au kifuniko cha kigari chenyewe, huku mbele pakiwa wazi. Gari lililofungwa ni baya zaidi: juani joto la ndani huweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10 tu, na kushusha kioo kidogo hakusaidii sana. "Naingia dukani mara moja" ni muda wa kutosha kumdhuru mtoto.

Jua la Mombasa hufika kileleni saa sita na dakika 20 hivi, si saa sita kamili. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndiyo saa kali, na wingu jepesi halizuii. Weusi wa ngozi hupunguza kuungua, ila hauzuii mtoto kupata joto jingi na kukauka maji. Kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu hufanya kazi kuliko krimu ya jua, ambayo hata hivyo hupakwa upya kila saa mbili na kila akitoka majini.

"Maji yakipwa ndiyo salama kwa mtoto."

Hii ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayozamisha.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, saa sita hivi kati ya kujaa na kupwa, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi kumi na nne, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni mita 1 hivi.

Mvuvi wa hapa hahitaji jedwali kujua tabia ya pwani hii: siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kwa hiyo familia ikishuka ufuo wa Nyali saa nne, Jumamosi ya bamvua, itakuta mchanga umeachwa wazi karibu hadi mwambani, vidimbwi vya maji vuguvugu, kaa wadogo. Mtoto hataki kuondoka. Kisha maji yanaanza kurudi, na hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo tu, humaizi. Katika saa ya tatu na ya nne huingia nusu ya maji yote. Kwa bamvua ya mita 3, hiyo ni mita 1.5 kwa saa mbili, sentimita 75 kwa kila saa, na kimo cha mtoto wa miaka miwili ni kama sentimita 85. Tena maji hayaji kwa mstari ulionyooka kutoka mwambani; hujaza kwanza mifereji ya chini, ambayo mara nyingi iko kati yako na ufuo. Geuka pale maji yanapoanza kurudi, si yakifika magotini.

Kwa mtoto mdogo, starehe iko kwenye maji mafu. Hujaa mnamo saa nne asubuhi, hayaendi mbali, na mkondo wake ni dhaifu. Fika saa mbili, ondoka saa nne jua likianza kuuma. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, tegemea mawimbi na mwani mwingi ufuoni. Hapo mchanga una raha kuliko maji.

Mwambani mvishe viatu vya mpira vilivyofunga kidole hadi kisigino, maana kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu. Mwiba ukiingia, usiuponde kwa jiwe kama wanavyofanya baadhi ya vijana wa pwani. Huvunjika vipande ndani ya ngozi. Loweka mguu katika maji ya moto yanayostahimilika, uyapime kwanza kwa kiwiko chako, kisha toa kwa kibano kile kinachoonekana. Akiumwa na konyeza, suuza kwa maji ya bahari, wala usisugue. Mkojo haufai kitu, ingawa kila ufuo una mtu wa kuupendekeza.

"Nitasikia akipiga kelele."

Hutasikia. Anayezama anatafuta hewa, hana ya kupigia kelele. Mtoto mdogo hutumbukia kichwa kikitangulia, na akatulia. Sentimita 5 za maji zinatosha. Vifuko vya hewa vya mikononi ni vya kuchezea: huchomoka, hutoboka, na humpa mzazi utulivu usiostahili. Kanuni ni umbali wa mkono mmoja, na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina. "Sote tunamwangalia" maana yake hakuna anayemwangalia.

Na sehemu ya kwanza ya kukagua ni nyumbani. Mombasa maji ya bomba huja kwa mgao, hivyo bafu na ukumbi hujaa mapipa na ndoo. Ndoo ya lita 20 haipinduki mtoto akiinamia. Inabaki imesimama naye ndani. Kila chombo kiwe na mfuniko wa kubana, na ndoo ya kufulia imwagwe pale pale.

Dhana mbaya kuliko zote ni ya kumning'iniza aliyezama miguu juu, au kumkamua tumbo ili maji yatoke. Maji yanayotoka hivyo ni ya tumboni, na dakika zinapita ubongo ukikosa hewa. Kama hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 huku ukitazama kifua kikiinuka. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha theluthi moja ya kifua chake, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, na kuendelea. Mtu mwingine apige 999 au 112 na kutafuta gari. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

"Akiharisha, mpe madafu."

Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na anayeharisha anapoteza sodiamu. Ni kinywaji kizuri cha safari, si dawa. Tumia chumvichumvi ya pakiti (ORS). Soma pakiti kwanza, kwa sababu nyingine ni za lita 1 na nyingine za nusu lita. Ukikosea, inakuwa nzito mno au haifai. Huna pakiti? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Baada ya saa 24 mwaga. Vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, huenda pamoja nayo kwa mtoto aliyezidi miezi sita.

"Mabuyu na korosho ni vitu vidogo tu."

Udogo huo ndio shida. Mbegu ya ubuyu ni ngumu, inateleza baada ya kunyonywa, na ina ukubwa wa kuziba koo la mtoto. Korosho nzima, karanga na kashata zingoje hadi atimize miaka mitano. Soseji na zabibu zikatwe kwa urefu, si kwa duara. Muhogo wa kukaanga wa pale Mama Ngina ni salama ukiwa laini na bila pilipili, aule ameketi. Anayekula huku akikimbia ndiye anayepaliwa. Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, na ameshapita mwaka: mapigo 5 kati ya mabega akiwa ameinama, kisha 5 za kubana tumbo juu ya kitovu, kwa zamu. Usipeleke kidole kooni kwa kupapasa.

Pilau la mfuko wa pikiniki halikai zaidi ya saa mbili nje, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja.

"Mbu ni wa usiku."

Wa malaria, ndiyo. Wa dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeshayaona yakilipuka, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, saa zile zile za matembezi. Krimu ya jua kwanza, dawa ya mbu baadaye, na isipakwe viganjani mwa mtoto. Homa ikija mpe parasetamo. Ibuprofeni na aspirini usitoe hadi dengi iondolewe shakani.

"Mtoto wa miaka miwili hafaidi safari."

Hafaidi historia ya Fort Jesus, ni kweli. Lakini pale Haller Park, bustani ya wanyama ya Bamburi, machimbo ya simenti yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, na jongoo waliletwa wasage majani yake hadi yakawa udongo. Mtoto anaweza kumwangalia jongoo mmoja kwa robo saa, na twiga akasubiri. Mwache. Ila mfute mikono kabla hajajipangusa macho, kwa sababu ute wa jongoo huchoma.

"Mama hawezi kulala nje, mtoto ataharibika."

Madada wanapanga siku mbili Diani, na mmoja ana mtoto. Mara nyingi ndiye anayebaki. Mtoto aliyezoea kulala kwa nyanyake hadhuriki na usiku mbili. Kinachomtikisa ni kutorokwa akiwa usingizini: anaamka na mama hayupo, na tangu hapo kila usingizi unakuwa na mashaka. Kilio cha kuachwa huwa kikali zaidi kati ya miezi 10 na 18, hivyo aga, kwa ufupi, kwa maneno yale yale, akikuona unatoka. Wiki moja kabla, fanya usiku mmoja wa majaribio. Mwachie leso uliyoilalia, bila kuifua. Mwachie nyanyake karatasi yenye uzito wa mtoto na dozi ya parasetamo: miligramu 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 10 ni 150, yaani mililita 6 hivi za dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, si zaidi ya mara nne kwa siku, kila baada ya saa sita, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai kila nyumba ina chake.

Kwa anayenyonyesha kuna dhana nyingine: maziwa yaliyokaa titini siku nzima, au "yaliyopigwa na jua", yameharibika, yamwagwe kwanza. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Yanayoharibika ni yaliyokamuliwa na kuachwa mezani: saa 4 kwa nyuzi 25, na nyumba zetu zina zaidi ya hapo, kwa hiyo yaingie friji mara moja. Friji siku 4. Yakiyeyushwa kutoka friza, saa 24 ndani ya friji, na hayagandishwi tena. Yapashwe ndani ya bakuli la maji ya moto, si kwa maikrowevu.

Ukiwa Diani, kamua kila saa 4 hivi au titi likianza kukaza, la sivyo litavimba na homa ifuate. Kidole gumba juu, vidole chini, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Kwenye kikoba chenye barafu maziwa yana saa 24 tu. Diani ni kilomita 30 hivi kutoka mjini, lakini foleni ya gari kwenye feri ya Likoni Jumapili jioni haihesabiki kwa kilomita. Vuka kwa miguu, bila nauli, au zunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, na barafu iwe mpya.